Mafuta Yanayofuata Giza

Nilisafiri kwenda ziwani kumkamata mlanguzi. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue nilitoka nyumbani na akili gani, maana nilirudi na nyingine.

Kijiji chetu kiko ndani. Ukitoka Misungwi unaiacha barabara kuu, unaingia kwenye mashamba ya pamba, unakwenda mpaka uzione zile nguzo kubwa za chuma za umeme. Nguzo zinapita katikati yetu zikielekea Mwanza. Mbuzi hulala kwenye vivuli vyake vyembamba, na nyaya zinavuma mchana kutwa, lakini hakuna nyumba hata moja iliyopata taa. Umeme ule unatupita juu kama ndege ya kiongozi: tunausikia, tunautazama, basi.

Zahanati yetu, kwa hiyo, ilikuwa na friji ya mafuta ya taa. Kwa chini ina tangi na utambi, na kimoto kidogo cha buluu kinachowaka saa zote, na ndani yake zinakaa chanjo za watoto. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Kazi iliyonilisha ilikuwa ualimu. Nilifundisha somo la Siasa miaka mingi, hadi somo lenyewe likafutwa, vyama vikawa vingi, nami nikaambiwa nifundishe Uraia kwa vitabu ambavyo vilikuwa bado njiani.

Enzi zile za Siasa, mafuta ya taa yalikuja kwa kibali. Bei ilikuwa ya serikali, imeandikwa kwa chaki ukutani mwa duka la ushirika, bei nzuri kabisa; kilichokosekana ni mafuta. Kisha likaja soko huria. Kila mwenye gari na mtaji akaruhusiwa kuleta, bei ikapanda, na mafuta yakaonekana. Tulifurahi, kwa nini niseme uongo. Lakini baadaye tukaanza kuona mambo ya ajabu. Mafuta yalijaa dukani kwa muda, yakatoweka kabisa, yakarudi, yakatoweka tena. Masanja mwenye duka aliinua mabega tu.

"Yameenda ziwani, Mwalimu," aliniambia. "Kila nikifika mjini naambiwa yameenda ziwani. Kufanya nini, sijui."

Kijijini kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wapo waliosema tunaadhibiwa kwa sababu baadhi yetu tulipigia kura upinzani. Wapo waliosema yanavushwa usiku kwenda Uganda. Mimi nilisema ni ulanguzi, na nilisema kwa sauti kubwa, kwani neno hilo nilikuwa nimelifundisha kuanzia darasa la tano hadi la saba.

Asubuhi moja Nesi Paskazia, aliyekuwa peke yake pale zahanati, alinifuata shuleni.

"Mwalimu, tangi la friji linakaribia kukauka," alisema. "Utambi nimeushusha mpaka basi. Moto ukizimika chanjo zinaharibika, na wilayani wameshaniambia: zikiharibika tena, kliniki inahamia kwenye umeme."

Kwenye umeme maana yake barabara kuu, mwendo wa siku nzima kwa mama mwenye mtoto mgongoni. Na surua ilikwisha kuingia kijiji jirani. Kliniki yetu ilikuwa wiki inayofuata, na miongoni mwa watoto waliokuwa wakiisubiri alikuwemo Kabula, mjukuu wangu wa kwanza, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anatimiza miezi tisa, umri wa kuchanjwa surua. Nesi hakumtaja Kabula. Hakuwa na haja.

Nikachukua madumu mawili matupu. Mke wangu alinisindikiza hadi kituo cha kununulia pamba, palipokuwa na lori linapakia.

"Ukalale kwa dada Veneranda, kule mwaloni mbele ya Igombe," alisema. "Na kwenye nyumba ya watu usiende kumfokea mtu."

Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumtembelea huyo dada yake mkubwa, aliyeolewa na Mjita wa huko ziwani na sasa ni mjane. Nilijua tu kwamba anaishi kwa samaki.

Asubuhi hiyohiyo tukaondoka. Lori lilikuwa la mnunuzi binafsi wa pamba, jambo ambalo nalo lilikuwa jipya. Zamani pamba yetu ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, kama mke wa mtu. Dereva, Ngassa, alikuwa mtu mkubwa mwenye kicheko, akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Mwalimu," kisha akanipa nafasi mbele.

Barabara kuu ilinishangaza. Nilikuwa sijaipita muda mrefu. Palipokuwa na kituo kimoja cha mafuta chenye pampu iliyokufa, sasa palikuwa na vituo vipya vyenye rangi mbichi, na vijana waliovaa kofia wakipungia magari mkono.

"Zamani dizeli tulikuwa tunailalia foleni na blanketi," Ngassa alisema. "Siku mbili, siku tatu. Ukikosa, unamtafuta mkubwa akuandikie."

"Na sasa?"

"Sasa dizeli yenyewe ndiyo inakutafuta. Ukiwa na hela inakuita kwa jina."

"Na asiye na hela?"

Ngassa alibadilisha gia kwanza. "Huyo hata zamani haikumwita, Mwalimu. Tofauti ni kwamba zamani tulikuwa wengi kwenye foleni, ukiangalia nyuma na mbele unaona wenzako."

Tulipopita Mkolani ziwa likajitokeza upande wa kushoto, na pale Nyegezi likafunguka lote, maji na mawe makubwa yaliyobebana bila mtu kujua nani aliyabebesha. Mtu aliyekulia kwenye visima vya kuchimba haizoei haraka habari ya maji yasiyo na mwisho.

Mwanza tuliingia mchana, na kitu cha kwanza nilichokutana nacho kilikuwa kelele. Jenereta mbele ya kila duka, zimefungwa minyororo miguuni kama mbwa wakali, zote zinanguruma. Nilimuuliza Ngassa kuna nini.

"Mgao. Umeme hakuna mpaka jioni."

"Kwa nini?"

"Bwawa la Mtera limekauka."

Nikageuka nikalitazama ziwa. Mawimbi yalikuwa yakipiga mawe hatua chache kutoka barabarani. Huu hapa mji umekaa kwenye maji mengi kuliko yote niliyopata kuyaona, uko gizani kwa kukosa maji ya mkoani Iringa. Na nyaya zile zinazovuma juu ya mbuzi wetu, kumbe siku hiyo hazikuwa na cha kuleta. Kwa mara ya kwanza nilizionea huruma. Nilikumbuka redioni walisema serikali inataka kuruhusu watu binafsi nao wazalishe umeme na kuuza, kama ilivyoruhusu mafuta. Siku niliyoisikia habari hiyo nilikasirika. Siku hii, katikati ya moshi wa jenereta, sikujua nikasirike na nani.

Kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, karibu na maji, kilikuwa na jenereta kubwa kama nyumba ya walimu. Ngassa alisimama hapo kumsalimu mwenzake, nami nikachungulia getini. Barafu ilikuwa ikiporomoka kutoka kwenye mdomo wa chuma, nyeupe, bila kukoma, na watu waliovaa mabuti wakiisukuma kwa koleo kama mchanga wa kujengea. Barafu nyingi kiasi kile, kwa ajili ya samaki wanaokwenda kuliwa Ulaya. Ilikuwa ajabu na ilikuwa nzuri, siwezi kuficha, na papo hapo roho iliniuma kwa ajili ya kale kafriji ketu.

Muuzaji wa jumla wa mafuta ya taa nilimkuta akifunga ghala. Alikuwa kijana mpole, tofauti kabisa na mlanguzi niliyekuwa nimemchora kichwani.

"Nimemaliza, mzee. Ya mwisho ni yale pale," alisema, akaonyesha pikapu iliyosheheni mapipa. "Yanakwenda mwaloni."

"Mwalo gani?"

"Mbele ya Igombe."

Kulekule nilikoambiwa nikalale. Nikamwomba dereva wa pikapu lifti, nikapanda nyuma, nikakaa juu ya pipa na madumu yangu matupu mapajani. Njia nzima, kuanzia mjini hadi tukaupita uwanja wa ndege, nilikuwa nikitunga hotuba. Mpelelezi gani mwingine amepata kubebwa na ushahidi wake mwenyewe hadi mlangoni mwa mhalifu?

Alasiri tukafika mwaloni. Mwalo ni ufuko wanakoteremkia wavuvi: vibanda vya mabati, mitumbwi imepangwa, na dagaa wameanikwa mchangani hadi ufuko wote unang'aa kama umemwagiwa sarafu. Pikapu ilipita katikati, ikasimama mbele ya nyumba ya bati yenye mlango wa kijani. Akatoka mwanamke mrefu, mweusi, kanga kiunoni, akaanza kuhesabu mapipa kwa macho. Kisha akaniona mimi juu yake. Alikuwa na uso wa mke wangu, ila uliopigwa jua zaidi.

Nikateremka. "Shikamoo, dada."

"Marahaba, shemeji," alisema Veneranda. "Miaka yote hii, ndiyo leo unaniletea mafuta?"

Mapipa yaliviringishwa yakaingizwa ndani, kwenye chumba cha wageni, kwa kuwa ndicho chenye kufuli. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali ili mengine yaingie chini yake. Kitanda hicho ndicho nilichoonyeshwa nilale.

Nilijikaza hadi tulipokula. Ulikuwa ugali wa muhogo na dagaa wabichi, chakula ambacho kilinifanya nichelewe kidogo kusema. Nilipomaliza nikanawa, nikakohoa, nikamwambia kwamba huko kwetu utambi wa friji ya watoto umeshushwa hadi mwisho, na yeye ameficha mafuta chini ya kitanda. Nikataja neno ulanguzi. Maonyo ya mke wangu yalikuwa yameshasahaulika.

Veneranda hakukasirika. Alinitazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyeingia sebuleni.

"Kuficha?" alisema. "Shemeji, hata siku nne hayafiki. Inuka uone."

Jua lilikuwa limezama. Ufukweni wavuvi walikuwa wakipakia taa, zile karabai za kupampu, kila moja wakiiweka juu ya ubao wake unaoelea. Wakasukuma mitumbwi, wakapotea kwenye weusi wa maji. Nilisimama na shemeji bila kuona kitu. Kisha ikawaka moja. Ikawaka ya pili pembeni yake. Halafu zikawa zinawaka kwa mafungu, huku na huku, mbali na mbali zaidi, mstari nyuma ya mstari, hadi ziwa lote likawa mji. Mji ule wa Mwanza niliouacha nyuma haukuwa na taa za kulingana na zile. Na hapakuwa na nguzo, hapakuwa na bwawa, wala waziri aliyekata utepe. Nilisikia machozi yananilengalenga, na sijui hadi leo yalikuwa ya nini. Nilichojua ni kwamba mafuta yote niliyoyatafuta yalikuwa mbele yangu, yanawaka juu ya maji.

"Dagaa wanafuata mwanga," Veneranda alisema. "Lakini lazima pawe na giza. Mwezi ukijaa, ziwa lote linang'aa, dagaa wanatawanyika, taa yako inakuwa haina maana. Wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanaoa. Mwezi ukifa, kila mtu anataka mafuta siku ileile, na bei yake inapaa. Hiyo ndiyo kazi yetu, shemeji. Kipindi hicho sisi tunakiita giza. Sasa hivi tuko gizani."

"Na mwezi ukiwa mpevu?"

"Mapipa yanalala. Wauzaji wanakuja wenyewe kutubembeleza."

Nilihesabu kichwani zile nyakati za Masanja, mafuta yanajaa, yanatoweka, yanajaa. Mwezi. Sisi wakulima tunautazama mwezi kwa habari ya mvua, na watoto wanaucheza, lakini katika kijiji kizima chenye wapiga kura wa vyama vyote hakuna aliyewaza kuuangalia kwa habari ya mafuta. Tulimlaumu mwenyekiti wa kata, tukawalaumu Waganda, na mwezi ulikuwa juu ya vichwa vyetu.

Usiku huo nililala juu ya mapipa. Harufu ilinipanda kichwani, na fikra zilinipanda zaidi. Kuelewa ni jambo jema, lakini kuelewa hakujazi tangi. Giza lilikuwa halijaisha, ghala la mjini lilikuwa tupu, na Kabula alikuwa anangoja.

Kulipopambazuka mitumbwi ilirudi. Nahodha wa Veneranda aliitwa Magesa, Mkerewe mfupi mwenye mikono mipana, na alikuwa akigawa samaki: fungu la mtumbwi, fungu la nyavu, mafungu ya watu. Veneranda alimwambia ninachotaka. Hakunisaidia kwa neno lolote la ziada. Mafuta yalikuwa yake, lakini taa zinamhusu nahodha, na kila mvuvi aliyesimama pale alikula kutokana nazo.

"Dumu moja ni taa moja, mpaka giza liishe," Magesa alisema. "Zikipungua taa, dagaa wanakwenda kwa jirani. Hawa wote wana watoto, mzee."

"Najua," nilisema. Na kweli nilijua, ndiyo maana sauti yangu ilikuwa ndogo. Ile hotuba yangu haikuwa na hata sentensi moja iliyofaa mahali hapo.

"Hiyo friji mnaweka nini?"

"Chanjo. Surua iko kijiji cha pili. Nina mjukuu wa miezi tisa."

Magesa aliacha kugawa samaki. Mvuvi mmoja naye akaacha kufunga kamba. Veneranda alinieleza baadaye kwamba surua ilipita mwaloni pale msimu uliotangulia, na nyumbani kwa Magesa haikupita bure. Wakati ule sikujua. Nilimwona tu akiinama kwenye mtumbwi, akachukua karabai moja, akaifungua tangi lake, akamimina mafuta yaliyobaki kwenye dumu langu hadi tone la mwisho. Kisha akaipeleka taa ndani, akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda nilichokuwa nimelalia.

"Hii ipumzike," alisema. "Dumu lijazwe."

Veneranda alijaza dumu kutoka kwenye pipa. Nilitoa hela zangu, akazipokea zote, kwa bei ya giza, hakunipunguzia hata senti.

"Mafuta nimekuuzia, shemeji," alisema. "Taa ndiyo tumekupa."

Siku hiyohiyo nilimkuta Ngassa mjini, lori tupu, anarudi kuchukua pamba. Alipoona dumu moja limejaa na jingine halina kitu aliuliza kama yule mlanguzi nilimkamata. Nikamwambia nilimkuta, nikalala kwake, akanilisha vizuri. Alicheka hadi Usagara. Dumu nililiweka katikati ya magoti, na kila tuliporuka shimo nililikumbatia kama mtoto.

Jioni Nesi Paskazia alinipokea mlangoni mwa zahanati. Hakuuliza habari za safari. Alichukua dumu, akapiga magoti, akajaza tangi polepole kwa mpira, akapandisha utambi. Kile kimoto kilikuwa kimebaki kama punje ya choroko. Kikainuka, kikawa buluu, kikatulia. Nilichuchumaa nikakitazama kwa muda. Nilikuwa nimeona ziwa zima linawaka, nimeona na kile kinywa cha chuma kinachotapika barafu, lakini moto unaowaka ili kitu kibaki baridi, moto mdogo kiasi hicho, ulinishangaza kuliko vyote. Nilikuwa nimepita mbele yake mara nyingi bila kuuona.

Kliniki ilifanyika siku yake. Kabula alichomwa sindano, akalia, akaninyooshea kidole kana kwamba nimemchoma mimi.

Tangu hapo kamati yetu inanunua pipa mwezi ukiwa mpevu, na linakaa chini ya kitanda changu, kwa sababu chumba chetu ndicho chenye kufuli. Mke wangu analalamika harufu. Nimeacha kulitamka ovyo lile neno la darasa la tano. Wanafunzi wakiniuliza nani anaamua mafuta ya nchi yaende wapi, nawaambia zamani aliamua mwenye kalamu, siku hizi anaamua mwenye taa nyingi, na kwamba wote wawili, kwa kadiri nilivyoona, friji yetu hawaijui. Wanaoijua ni wale walioisikia kwa sikio, wakasimama pale mchangani wakafikiri.

Usiku ule wa kliniki nilitoka nje. Giza lilikuwa bado, nyota tupu. Ziwa halionekani kutoka kwetu, lakini niligeukia upande wake. Niliwaza mistari ile ya taa inavyowaka sasa hivi, na mahali fulani katika mstari wa Magesa pana pengo, maji meusi yanayopitisha dagaa kwenda kwa jirani. Nyuma yangu, zahanati ilikuwa imefungwa, na chini ya mlango wake ulionekana mwanga mdogo wa buluu.